Si Uzito Tu, Bali Mahali Ulipokaa

Mwanafunzi wa shule zetu akiulizwa ni jambo gani linaloamua mwendo wa kitu kinachobingirika, aghalabu hujibu kwa neno moja: uzito. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Vitu viwili vyaweza kuwa na uzito uleule, umbo lilelile na ukubwa uleule, hata jicho lisiweze kuvitenganisha, na bado kimoja kikamwacha mwenzake nyuma kwenye mteremko mmoja. Kinachovitofautisha ni mahali uzito ulipokaa ndani yake. Maarifa haya kwa miaka mingi yamewekewa wale wachache wanaofika kidato cha tano na cha sita na kusoma fizikia. Rai yangu ni kwamba vijana wa wilaya za Karagwe na Kyerwa wanastahili kuyapata mapema zaidi, tena kwa vifaa wanavyovishika kila siku. Sababu zangu zinaanzia uwanjani lakini haziishii huko.

Mtoto wa Kayanga au wa Nkwenda anapotaka mpira, na nyumbani hakuna fedha ya mpira wa dukani, huingia kibanjani. Hukusanya majani makavu ya mgomba, huyafinya mpaka yakawa donge, kisha hulizungushia kamba zilizochanwa kutoka magome makavu ya mgomba huohuo, akikaza kila mzunguko kwa goti na meno. Palikuwa na wakati ambapo mifuko ya plastiki ilitumika badala ya majani, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 malighafi hiyo haipatikani kwa urahisi kama zamani, na mgomba umebaki pale pale. Tazama jinsi fundi huyu mdogo anavyofanya kazi. Fundo la kamba hulificha ndani, halibakizi nje. Kila baada ya mizunguko michache hugeuza mpira ili kamba zisirundikane upande mmoja. Akimaliza huuviringisha chini na kuutazama. Ukiyumba, huufungua na kuusuka upya. Hajafundishwa neno "kitovu cha uzito", lakini anakitafuta, naye hukipata.

Ubovu wa mpira wa namna hii ni wa aina mbili, na yafaa tuzitenganishe kwa sababu hata watu wazima huzichanganya.

Ubovu wa kwanza ni wa upande. Fundo likibaki ubavuni, au ubavu mmoja ukinyonya umande, kitovu cha uzito hukimbia kutoka katikati ya mpira. Mpira wa namna hii haubingiriki kwa mwendo mmoja. Upande mzito unaposhuka mpira hukimbilia mbele, na upande huo unapopanda mpira husita. Mhimili wa mzunguko usipokuwa sambamba na ardhi, au upande mzito ukiwa kushoto au kulia, njia ya mpira hupinda kuelekea ule upande mzito, na hupinda zaidi kadiri kasi inavyopungua. Waingereza wana mchezo wa kale wa majanini ambao matufe yake hutengenezwa makusudi yaelemee upande mmoja, ili yapinde. Kwa mtoto wetu kupinda huko ni kasoro.

Ubovu wa pili hauonekani hata mpira ukiwekwa mezani ukatulia vizuri. Ni ubovu wa ndani na nje. Mpira ambao moyo wake umejazwa majani malegevu, kisha ukavikwa gamba nene la kamba zilizokazwa, kitovu chake cha uzito kiko katikati barabara. Hata hivyo sehemu kubwa ya uzito wake iko mbali na kitovu hicho. Mpira mwingine wenye uzito uleule, uliokazwa tangu moyoni, una uzito mwingi karibu na kitovu. Ukiipeleka yote miwili juu ya kilima na kuiachia pamoja, ule wa moyo mgumu utafika kwanza.

Sababu ni hii. Kila kitu hukinza kubadilishiwa mwendo, na ukinzani huo wataalamu huuita inesha. Katika mwendo wa moja kwa moja inesha hutegemea wingi wa maada peke yake. Katika mzunguko hutegemea pia umbali wa kila chembe ya maada kutoka kwenye mhimili, na umbali huo huhesabiwa kwa kuuzidisha wenyewe kwa wenyewe. Gramu moja iliyoko sentimita 10 kutoka kwenye mhimili hukinza mzunguko mara nne zaidi ya gramu iliyoko sentimita 5. Kitu kinaposhuka mteremko, nishati yake hugawanyika: sehemu moja hukisogeza mbele na sehemu nyingine hukizungusha. Chenye inesha kubwa ya mzunguko hutumia sehemu kubwa zaidi kujizungusha, basi hubakiwa na sehemu ndogo ya kwendea mbele.

Hesabu zake ni nyepesi. Tufe lililojaa sawasawa, likibingirika bila kuteleza, hupata asilimia 71 ya mchapuko ambao lingeupata kama lingeteleza tu pasipo msuguano. Tufe tupu lenye gamba jembamba hupata asilimia 60. Ringi ya baiskeli hupata asilimia 50. Maana yake, tufe lililojaa likiwa limekwenda mita 10, lile tupu limekwenda mita 8 na sentimita 40. La kushangaza zaidi, ambalo wanafunzi wengi hukataa kuliamini mpaka walione, ni kwamba ukubwa na uzito haviingii katika hesabu hii hata kidogo. Gololi na tufe la kilo 7, yote mawili yakiwa yamejaa sawasawa, hushuka pamoja.

Nimelitaja tufe la kilo 7 kwa makusudi. Kuna mchezo wa ukumbini uitwao bolingi, unaopendwa sana Marekani na katika nchi kadhaa za Asia na Ulaya, na Nairobi pia kuna mahali pa kuuchezea. Mchezaji huviringisha tufe zito kwenye njia laini ya mbao yenye urefu wa mita 18 na ushei ili aangushe vigingi 10 vilivyopangwa mwisho wake. Sijapata kuona njia ya namna hiyo Karagwe wala Kyerwa, na sidhani kuwa ni hasara kubwa. Naleta mfano huu kwa sababu wenzetu hawa wamelichunguza swali la mtoto wetu wa kibanjani kwa vipimo vya milimita, na matokeo yao yanatufaa bila ya kulipa kiingilio.

Tufe la bolingi lina kipenyo cha sentimita 21.6 hivi na halizidi kilo 7.26. Zamani yalichongwa kwa mti mgumu, na mwaka 1905 yakaanza kutengenezwa kwa mpira mgumu. Ya leo hutengenezwa kwa plastiki za aina mbalimbali, na ndani yake huwekwa moyo wa maada nzito zaidi, wenye umbo kama la balbu ya taa. Moyo huo ndio siri yote. Ukiwa mzito na umekusanyika katikati, tufe hushika mzunguko mapema. Uzito ukisambazwa kuelekea gambani, tufe huchelewa kuanza kuzunguka na huhifadhi nguvu zake hadi karibu na vigingi. Waamuzi wa mchezo hupima jambo hilo kwa kuuliza: kama maada yote ya tufe ingekusanywa katika umbali mmoja kutoka kwenye mhimili, umbali huo ungekuwa kiasi gani ili ukinzani wa mzunguko usibadilike? Kwa tufe la ukubwa huo lililojaa sawasawa jibu ni milimita 68. Kanuni za mchezo zinaruhusu kati ya milimita 62.5 na 71. Kwa hiyo ugomvi wote wa mafundi na wafanyabiashara wa matufe umo katika nafasi isiyofikia upana wa kidole.

Kisha linakuja suala la kutoboa. Mchezaji huhitaji matundu matatu ya kuingizia vidole, na kila tundu huondoa makumi ya gramu za maada upande mmoja wa tufe. Mtengenezaji mwangalifu hulifanya tufe kuwa zito kidogo upande utakaotobolewa, ili likishatobolewa lirudie ulinganifu wake. Lakini fundi mtoboaji ana uwezo mwingine. Kwa kuwa moyo una umbo la balbu na si duara, tufe lina mhimili ambao kwalo ni rahisi kuzunguka na mwingine ambao ni mgumu zaidi. Mahali anapotoboa matundu ndipo panapoamua moyo utakaa kwa pembe gani mchezaji anapolirusha. Moyo ukikaa mshazari, mhimili wa mzunguko hauwezi kutulia. Huhama kidogo kidogo kadiri tufe linavyokwenda. Sehemu ya mwanzo ya njia ya bolingi hupakwa mafuta. Tufe ambalo mhimili wake unahama huigusa njia kwa sehemu mpya, isiyopakaa mafuta, katika kila mzunguko, na likifika penye ukavu hung'ata njia na kupinda kwa nguvu. Tofauti inayoruhusiwa baina ya mhimili mwepesi na mhimili mgumu ni milimita moja na nusu tu, nayo yatosha kuyafanya haya yote.

Zamani wachezaji walizoea kutoboa tundu la nne, lisiloingizwa kidole, kwa ajili ya kurekebisha uzito tu. Baadaye waligundua kuwa tundu hilo laweza kutumiwa kubadili tabia ya tufe kupita kiasi, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 shirikisho la mchezo huo la Marekani lililipiga marufuku. Hapohapo liliruhusu nusu moja ya tufe kuizidi nyingine kwa kiasi cha gramu 85. Uamuzi huo una mantiki, maana vipimo vilionyesha kuwa gramu chache za upande huathiri njia ya tufe kidogo kuliko mkwaruzo wa gamba lake na umbo la moyo wake. Kwa maneno mengine, ubovu wa kwanza niliouelezea hapo juu, ule unaoonekana kwa macho, katika bolingi ni mdogo kuliko wa pili, ule uliofichika.

(Msomaji apendaye mafumbo ajaribu hili: tufe la bolingi la kilo 5 likitumbukia katika Mto Kagera pale Murongo litaelea, na la kilo 7 lenye ukubwa uleule litazama. Ujazo wa yote mawili ni lita 5.3 hivi.)

Sasa nitoke ukumbini, maana kama ingekuwa habari ya vigingi tu nisingechukua nafasi katika kurasa hizi. Katika Omurushaka, Isingiro, Kaisho na kila kituo cha biashara cha wilaya hizi mbili kuna mashine za kusaga. Nyingi ni za nyundo: ndani ya sanduku la chuma kuna shafti inayozunguka, na juu yake zimetundikwa bapa za chuma zinazoyapiga mahindi au muhogo mkavu hadi uwe unga. Bapa hizo huchakaa. Moja ikivunjika, mwenye mashine hukimbilia kwa fundi, naye hukata nyingine, pengine kwa springi kuukuu ya gari, akiangalia urefu na tundu la kutundikia. Uzito hauangaliwi. Kazi inaendelea siku hiyohiyo, na kila mtu anashukuru.

Tufanye hesabu. Nyundo mpya imezidi ile iliyo mkabala nayo kwa gramu 20, yaani chini ya uzito wa kijiko cha chakula kilichojaa sukari ya kilele. Imekaa sentimita 20 kutoka kwenye mhimili, na shafti inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kani inayoivuta shafti kwenda nje ni niutoni 395, sawa na uzito wa mfuko wa kilo 40. Kani hiyo haitulii upande mmoja; huizunguka mashine mara 50 katika kila sekunde. Ni kama mtu aliyebeba mfuko wa kilo 40 anaupigiza kwenye beringi mara 50 kwa sekunde, kutoka kila upande, kutwa nzima. Beringi hufa, boliti hulegea, ufa hufunguka penye kuchomelewa, na siku mbaya nyundo hukatika na kulitoboa sanduku, pembeni pakiwa na akina mama na watoto waliopanga foleni na debe zao.

Dawa inayotolewa aghalabu ni kumwaga zege kubwa zaidi chini ya mashine ili isitikisike. Huko ni kumfunga mgonjwa kitandani badala ya kumtibu. Zege huzuia mtikisiko usionekane, na kani ile ya niutoni 395 hubaki ikizitafuna beringi. Dawa ya kweli ni ya mtoto wa kibanjani na ya mtoboaji wa matufe: nyundo zilizo mkabala ziwe na uzito sawa, zibadilishwe kwa jozi na si moja moja, na ile iliyozidi isuguliwe au itobolewe hadi ilingane na mwenzake. Viwanda vikubwa hufanya hivyohivyo. Kranki ya injini ya gari hutobolewa matundu kwenye mabawa yake mazito kwa ajili hiyo, na mwenye kuyaona matundu hayo kwa mara ya kwanza hudhani ni kasoro. Mitambo ya umeme unaotokana na maji, kama ule wa megawati 14 uliojengwa Mto Kagera baina ya Kikagati na Murongo, isingekaa muda bila magurudumu yake kulinganishwa kwa uangalifu mkubwa zaidi ya huo.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye shule. Kijana anayeishia kidato cha nne, na wengi huishia hapo, ndiye atakayekuwa fundi wa kuchomelea, mwendesha mashine au mrekebishaji wa pikipiki. Huyo ndiye anayeihitaji elimu ya mzunguko kesho asubuhi. Yule wa kidato cha sita, tunayemfundisha inesha kwa kanuni ndefu, mara nyingi huijibia mtihani na kuiacha hapo, hasa kwa kuwa ameipokea kwa Kiingereza na hakupata kuishika kwa mikono. Sioni hekima ya mpango huo. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na kama maneno yale yalikuwa na maana yoyote kwa somo la fizikia, maana yake ni hii.

Wapo watakaosema kuwa kumrudisha mwanafunzi kwenye mpira wa mgomba ni kuukumbatia umaskini, na kwamba anachohitaji ni maabara. Nakubaliana nao kuhusu maabara. Shule ya sekondari isiyo nayo imenyimwa haki yake, na mpira wa majani usitumiwe kuwa kisingizio cha kutoijenga. Lakini sikubaliani nao wanapodhani kuwa maarifa huanzia penye kioo na shaba. Hoja yenye uzito zaidi ni ya walimu wanaosema kuwa mchezo bila kipimo hubaki mchezo. Hiyo ni kweli tupu. Mpira wa mgomba ukiviringishwa darasani, watoto wakacheka na kwenda zao, hakuna fizikia iliyofundishwa. Lazima pawe na saa, rula, na daftari la kuandikia matokeo, na jaribio lirudiwe mara kumi.

Kwa jaribio hilo makopo mawili yaliyo sawa ni bora kuliko mipira. Kopo moja lipakwe udongo wa mfinyanzi kuzunguka ukuta wake kwa ndani, lingine litiwe kijiti cha katikati kilichovikwa udongo wa uzito uleule, kisha yote yaachwe yakauke. Ubao wa mita 2 uinuliwe upande mmoja kwa sentimita 20. Kopo ambalo uzito wake wote uko ukutani litatumia karibu sekunde 2.9 kufika chini. Lile la katikati litafika kabla ya sekunde 2 na nusu, na tofauti hiyo huonekana hata bila saa. Asitumie mtu maji wala mchanga mkavu. Maji hayazunguki pamoja na kopo, hivyo kopo la maji hushuka upesi kuliko yote na kuvuruga somo, ingawa mwalimu mwerevu anaweza kuliweka akiba kwa swali la siku ya pili.

Ama kuhusu nyundo za mashine, kisingizio cha kukosa mizani ya gramu hakisimami. Mwenye mashine hahitaji kujua nyundo yake ina gramu ngapi. Anahitaji kujua tu kama mbili zimelingana. Ufito ulionyooka wa nusu mita, ukitobolewa katikati kabisa na kutundikwa kwenye msumari, na nyundo moja ikaning'inizwa kila ncha, utainama upande wa iliyozidi. Mafundi wawili wa kituo kimoja wanaweza kuutengeneza kwa robo saa na kuuweka ukutani, na kila nyundo mpya ikapita hapo kabla ya kuingia ndani ya sanduku.